Tiketi ya Nje ya Uwanja: Mlanguzi Anakuuzia Nini Hasa?

Kila mechi kubwa inapokaribia, nje ya uwanja huzuka soko la pili. Halina duka wala meza. Utawakuta vijana wawili watatu karibu na kituo cha matatu, mwingine kando ya foleni ya geti, mwingine amesimama na simu mkononi, na wote wanasema neno lile lile kwa sauti ya chini: "Tiketi, tiketi, zimebaki mbili." Hawa ndio walanguzi wa tiketi.

Sisi watu wa Pwani tuna sababu ya kulielewa soko hili kuliko wengine. Mechi kubwa za Harambee Stars huchezwa Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka Mombasa, na mashabiki wengi huvuka Lunga Lunga kwenda Dar es Salaam kuitazama Simba ikivaana na Yanga. Mwenyeji wa Kasarani akikosa tiketi hurudi nyumbani akaitazama mechi kwenye runinga. Aliyepanda basi la usiku Mwembe Tayari, akalipa nauli ya kwenda na kurudi, harudi kirahisi hivyo. Mlanguzi akimwona na begi mgongoni anajua huyu ni mteja.

Makala haya yanaeleza soko hilo linavyofanya kazi, tiketi gani huuzwa humo, sheria inasemaje, na ufanye nini kabla hujatoa pesa yako.

Ulanguzi ni nini

Kulangua ni neno la zamani la biashara: kununua bidhaa kwa bei nafuu, kuizuia, kisha kuiuza ghali watu wanapoihitaji. Wamelanguliwa sukari, unga na mafuta ya taa. Tiketi ya mpira inalangulika vizuri kuliko hivyo vyote, kwa sababu mbili. Kwanza, idadi yake haiongezeki. Uwanja wa watu 48,000 hauwezi kuketisha 60,000 hata bei ikipanda mara kumi. Pili, wenye mechi mara nyingi huweka bei ya chini makusudi ili mwananchi wa kawaida amudu. Pengo kati ya bei iliyoandikwa na ile ambayo mtu yuko tayari kulipa dakika ya mwisho ndilo shamba la mlanguzi.

Kuna sababu ya tatu inayotuhusu zaidi sisi: njia ya kuuza. Tiketi zinapouzwa kwenye intaneti peke yake, mwenye simu nzuri, bando na wepesi wa vidole hupata. Mzee wa Kisauni mwenye simu ya vibonyezo, au mvuvi wa Kipini aliyekuwa baharini zilipofunguliwa, hujikuta amechelewa. Mlanguzi hana haja ya kuwa mwizi ili afaidike na hali hiyo. Inatosha awe na kasi kuliko wengine.

Tiketi za aina tano

Watu husema "tiketi ya mlanguzi" kana kwamba ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba mkononi mwake huwa na bidhaa tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaingia au la.

Ya kwanza ni tiketi halali iliyonunuliwa mapema. Inafanya kazi, tatizo lake ni bei tu.

Ya pili ni tiketi ya bure iliyovuja. Kila mechi kubwa kuna tiketi wanazopewa wadhamini, viongozi, klabu na wageni. Zisipotumika na wenyewe, baadhi hufika mtaani. Nazo huweza kufanya kazi, ila kama imeandikwa jina la mtu, unaweza kuulizwa kitambulisho getini.

Ya tatu ni nakala ya tiketi halali. Mlanguzi hununua tiketi moja ya kwenye simu, akaipiga picha ya skrini, akawauzia watu watano. Wote watano wana picha halisi, yenye alama halisi ya QR. Mmoja tu ataingia.

Ya nne ni tiketi bandia kabisa: karatasi iliyochapishwa mtaani, au picha iliyotengenezwa kwa programu ya simu, ikawekwa nembo na tarehe. Kwa macho inapendeza. Kwa mashine haipo.

Ya tano si tiketi. Ni ahadi. "Lipa hapa, mimi namjua askari wa geti, nitakuingiza." Hapa hununui kiti, bali unanunua rushwa ya mtu mwingine. Hata ukiingia, ndani huna mahali palipotengwa kwa ajili yako, na umeongeza mtu mmoja ambaye hakuhesabiwa.

Geti ndilo linaloamua, si muuzaji

Jambo la kushika kuliko yote ni hili: tiketi ya siku hizi si karatasi wala picha. Ni ruhusa iliyoandikwa katika kumbukumbu za mwenye mechi. Alama ya QR ni namba tu inayoielekeza mashine kwenye ruhusa hiyo. Mashine ya getini inapoisoma, inauliza maswali mawili: namba hii ipo? Na je, imeshatumika? Namba isipokuwepo, au ikiwa imeshatumika, mlango haufunguki, hata uape kwamba wewe ndiye uliyelipa pesa nyingi zaidi.

Ndiyo maana ile desturi yetu ya kuikagua bidhaa kwa macho na mikono haisaidii hapa. Ukinunua kitambaa utakivuta uone uzi. Ukinunua samaki utamfunua mashavu. Tiketi ya QR haina mashavu ya kufunua. Iliyotumika na ambayo haijatumika zinafanana kama mapacha, na nakala ya tano ni sawasawa na ya kwanza. Mjuzi pekee ni mashine, na mashine iko ndani ya geti, ilhali mlanguzi yuko nje.

Baadhi ya waandaaji wameliziba tundu hili. Kuna programu za simu ambazo alama yake hubadilika kila baada ya sekunde chache, hivyo picha ya skrini haifai kitu. Nyingine humruhusu mwenye tiketi kuihamishia kwenye akaunti ya mtu mwingine. Ikishahamishwa, ya kwanza inakufa. Tanzania, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, kiingilio hulipiwa kwenye kadi ya N-Card na kadi yenyewe ndiyo inayosomwa getini. Mwenendo huo unasaidia, lakini haumzuii mtu kukuuzia kadi isiyo na malipo ndani yake usipoikagua.

Bei hupanda na kushuka

Bei ya mlanguzi ina majira kama maji ya bahari. Siku chache kabla ya mechi hupanda, hasa ikitangazwa kwamba tiketi zimekwisha. Saa mbili tatu kabla ya mpira kuanza hufika juu kabisa, kwa sababu wakati huo ndipo wasafiri wanapowasili. Filimbi ya kwanza ikipulizwa huanza kuporomoka. Ifikapo mapumziko, tiketi ambayo haijauzwa ni kama samaki wa jioni asiye na barafu.

Ukijua hivyo utaelewa haraka ya mlanguzi. Anapokwambia "amua sasa, kuna mtu anaitaka," anasema kweli kwamba muda unakwisha, ila unamwishia yeye kuliko wewe. Na haraka hiyo hiyo ndiyo silaha ya tapeli, kwa kuwa anataka ulipe kabla hujafikiri.

Hasara isiyo ya pesa

Kama hasara ingekuwa shilingi elfu mbili tu, tungesema mtu amejitakia. Lakini tiketi bandia na za ziada zimewahi kuua.

Tarehe 16 Oktoba 1996, katika uwanja wa Mateo Flores mjini Guatemala City, mashabiki walijaa kuitazama Guatemala ikicheza na Costa Rica kufuzu Kombe la Dunia. Tiketi bandia zilikuwa zimeuzwa, watu wakawa wengi kuliko nafasi. Waliokuwa juu walisukumana, wakawaangukia wa chini, na watu wasiopungua 80 wakafa. Wengi wao walikuwa wamelipa kiingilio kama watu waungwana.

Hapa kwetu, tarehe 23 Oktoba 2010, watu 7 walikufa kwa msongamano getini katika Uwanja wa Nyayo, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Ajali ile ilikumbusha kwamba geti ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote uwanjani. Foleni inaposimama kwa sababu mmoja anabishana na mashine, walio nyuma hawajui kinachoendelea mbele. Wao husikia tu kwamba mpira umeanza, nao husukuma.

Hata hivyo tuwe waadilifu: si kila msongamano unasababishwa na tiketi bandia. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mjini Paris, tarehe 28 Mei 2022, ilichelewa kuanza kwa zaidi ya nusu saa huku mashabiki wa Liverpool wakiwa wamebanwa nje. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Ufaransa alidai kwamba watu 30,000 hadi 40,000 walifika bila tiketi au na tiketi bandia. Tiketi bandia zilizonaswa na mashine getini zilikuwa 2,589. Tume huru iliyoundwa na UEFA ilichunguza, na mwaka 2023 ikasema kwamba UEFA yenyewe ndiyo yenye lawama kubwa zaidi. Kwa hiyo mlanguzi ana makosa yake, lakini pia ni rahisi kumtwika mzigo wa mwandaaji aliyelala.

Kenya tulipata onyo letu karibuni. Katika michuano ya CHAN Agosti 2025, baada ya mashabiki wasio na tiketi kuingia kwa nguvu Kasarani, CAF iliamuru mechi ya Kenya na Zambia ya tarehe 17 Agosti ihudhuriwe na watu 27,000 tu, na ikataka tiketi za kielektroniki peke yake. Walioumia ni mashabiki walionyooka, ambao nafasi zao zilipunguzwa kwa sababu ya wengine.

Sheria inasemaje

Katika Kenya, mtu akikuuzia tiketi bandia, au akiuza moja kwa watu watano, hilo si suala la "biashara ni biashara". Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 3. Kughushi hati ni kosa jingine lenye kifungu chake.

Tiketi halali iliyouzwa ghali ni habari tofauti. Hapo swali la kwanza ni masharti ya tiketi yenyewe. Waandaaji wengi huandika kwamba haiuzwi tena bila idhini yao, na kwamba ikiuzwa wanaweza kuifuta. Yaani unaweza kulipa, ukapewa tiketi ya kweli, na bado ukakataliwa.

Ndugu zetu walioko Uingereza wanaishi chini ya sheria kali zaidi. Baada ya maafa ya Hillsborough ya Aprili 1989, yaliyoua watu 97, Jaji Taylor alipendekeza kuwa ulanguzi wa tiketi za mpira uwe kosa la jinai, na sheria ya mwaka 1994 ikafanya hivyo. Sababu haikuwa bei tu. Viwanja vya kule hutenganisha mashabiki wa timu mbili, na mlanguzi haulizi unashangilia nani. Anaweza kumweka mtu wa ugenini katikati ya wenyeji. Basi ukialikwa na jamaa London kwenda kutazama Ligi Kuu, mwache akutafutie kupitia klabu. Usiende na pesa mkononi ukitumaini kupata nje.

FIFA nayo ilichukua njia nyingine kwa Kombe la Dunia la 2026: iliweka soko lake rasmi la kuuziana tiketi, ikitoza asilimia 15 kwa mnunuzi na asilimia 15 kwa muuzaji. Faida ni kwamba tiketi ni ya kweli. Lawama ni kwamba ulanguzi haukuondoka. Umehamia ndani ya ofisi na kulipa ada.

Kabla hujatoa pesa

Njia salama ni kununua kwa mwandaaji, mapema, kabla ya kukata tiketi ya basi au ya treni. Ukianza na nauli umeshamkabidhi mlanguzi kamba ya kukuvutia. Kwa wanaosafiri kikundi, mtu mmoja anayeaminika anunue za wote, kila mtu apate yake kwenye simu yake, na nakala ibaki kwa mtu wa nyumbani.

Ukijikuta nje ya uwanja bila tiketi, angalia haya:

- Nenda kwanza kwenye dirisha rasmi au uliza wahudumu waliovaa sare. Mara nyingine tiketi huachiliwa siku ya mechi, na mlanguzi hatakwambia.
- Kama ni tiketi ya programu inayoruhusu kuhamisha, ikubali iliyohamishiwa akaunti yako tu. Picha ya skrini iliyotumwa kwa WhatsApp usiilipie.
- Soma tarehe, mechi, geti na sehemu ya kukaa. Tiketi ya mechi ya wiki iliyopita huuzwa gizani.
- Usilipe kwa simu kabla ya kuingia. Muuzaji mwenye tiketi ya kweli anaweza kukusindikiza hadi kwenye mashine. Akikataa kukaribia geti, umeshapata jibu.
- Ukituma pesa, lisome jina linalotokea kwenye simu na ulilinganishe na la aliyesimama mbele yako.
- Usitoe kitita cha noti mbele ya umati. Wengine hawauzi tiketi. Wanatafuta kujua pochi iko mfuko gani.
- Ukiwa na mtoto, usinunue nje hata kidogo. Mtu mzima akikataliwa getini hupoteza pesa. Mtoto aliyebanwa kwenye geti lenye fujo anaweza kupoteza zaidi.

Ukishatapeliwa

Ondoka kwenye foleni kwanza. Kubishana na bawabu hakutafungua mashine, na kunawaweka walio nyuma yako hatarini. Hifadhi ujumbe wa malipo, namba ya simu ya muuzaji na ile tiketi yenyewe, kwani ndio ushahidi. Kama ulilipa kwa M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456 mara moja kuomba pesa zizuiliwe. Akishazitoa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi ngumu, ndiyo maana dakika chache za mwanzo ni muhimu. Kisha ripoti kwa polisi walioko uwanjani au kituo cha karibu, uandikiwe namba ya OB. Wengi huona haya wakanyamaza, na mlanguzi hutegemea haya hiyo kurudi mechi ijayo.

Wenye mechi nao

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepewa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Haijawahi kutokea mashindano hayo kuwa karibu nasi kiasi hiki. Mabasi yataondoka Malindi, Mombasa na Ukunda kuelekea pande mbili, Nairobi na Tanzania, na walanguzi watakuwa wameyatangulia.

Kukamata vijana wawili watatu getini hakutoshi. Kunapunguza kelele, hakupunguzi sababu. Sababu itapungua tiketi zikiuzwa karibu na watu: dirisha Mombasa, Malindi, Lamu na Kwale, si kwenye intaneti peke yake. Itapungua kila mtu akiwekewa kikomo cha tiketi anazoweza kununua, na pakiwa na njia rasmi ya mtu aliyeugua au kufiwa kumwachia mwenzake kiti kwa bei ile ile. Itapungua pia tiketi za bure zikihesabiwa hadharani, maana nyingi za mtaani hazikuibwa. Zilitoka mikononi mwa waheshimiwa.

Na sisi mashabiki tuna sehemu yetu. Kila tiketi ya ahadi tunayoilipia, kila shilingi mia tano tunayompenyezea askari wa geti, inaongeza mtu mmoja ndani ya uwanja ambao umeshajaa. Siku mambo yakiharibika, geti halitauliza nani alilipa halali na nani alipenya.